Anayeanguka ni Mwingine

1

Ezelina Chaula alipoteleza kwa mara ya tatu asubuhi ile, hakushtuka hata kidogo. Mguu wake wa kulia ulikimbia mbele juu ya kijito kilichoganda, mwili ukalala nyuma, na papo hapo ule uzito aliouzoea ukamjia nyuma ya sikio la kushoto, kama mkono wa mtu unaomshika kichwa na kumwelekeza. Kiuno kikajipinda chenyewe. Goti likakunjika, kisigino kikapata pa kung'ang'ania, akawa amesimama wima. Hata bunduki mgongoni haikuyumba.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema, akaendelea na safari.

Ndani ya sikio lake kilisikika kishindo, kisha mlio wa bati linalobingirika sakafuni.

"Ausi? Kuna nini huko?"

"Sinia, dada." Sauti ya mwanamume ilikuja baada ya muda, ikihema. "Nimelipiga kiwiko. Enhe, nyayo bado unaziona?"

"Naziona. Kumi na wanne, labda kumi na watano. Wamepita alfajiri, mavi yao hayajaganda mpaka ndani."

Walikuwa kondoo wa watu, zamani. Baba yake Ezelina alikuwa nao thelathini, kila mmoja na jina lake. Mwaka ule theluji ilipokataa kuyeyuka na watu wakahamishwa kwenda bondeni, mifugo iliachwa juu huku Kitulo. Iliyokufa ikafa. Iliyobaki iliota sufu ndefu ya kufunika magoti, ikajifunza kuchimba majani chini ya theluji kwa kwato, na ikasahau kwamba binadamu ni rafiki.

Ezelina alikuwa na miaka ishirini na saba walipolitandaza Chujio angani, lile vumbi jeupe la kupunguza ukali wa jua ili dunia ipoe kidogo. Dunia ilipoa. Mabondeni mvua zilirudi na watu wakashukuru. Nyanda za juu zilipoa kupita hesabu za waliolitandaza, na miezi mitano ya kila mwaka ikawa ya barafu. Kisha ikaja homa ya sikio, ambayo haikuua wengi ila iliwaachia waliopona kizunguzungu cha maisha. Sikio lake la kushoto halikujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Kwenye sakafu kavu aliweza kujiongoza kwa macho. Kwenye barafu alikuwa kama mlevi.

Ndipo Kituo cha Mizani kilipoleta visahani. Kisahani kimoja, kidogo kama kifungo cha shati, kilibandikwa nyuma ya sikio la mwindaji, kikimletea na sauti ya mwenzake. Cha pili kilibandikwa nyuma ya sikio la mtu mzima mwenye afya huko bondeni, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti na kumwazima mwenzake usawa wake wa mwili kwa saa nane kila siku. Mtu huyo aliitwa Egemeo. Egemeo la Ezelina lilikuwa Ausi Namkoko, fundi wa minara ya simu, kijana wa miaka thelathini na nne aliyekuwa akila chakula chake cha mchana mita sitini juu ya ardhi, miguu ikining'inia. Ezelina hakuwahi kumwona. Kwa misimu miwili ya baridi mfululizo alikuwa ameisikia sauti yake kuliko sauti ya mtu yeyote mwingine duniani.

Na kwa kweli hapakuwa na nyingine nyingi. Mume wake alikuwa amezikwa. Wanawe wawili walikuwa bondeni, na barua zao zilikuja gari la mafuta lilipoweza kupanda. Kijijini kwao Matamba walibaki watu arobaini na mmoja, wamejibanza ndani ya ghala la viazi, na kwa siku tisa walikuwa hawajaonja nyama. Viazi vyenyewe viliganda vikawa vyeusi. Mwindaji mwingine, Mzee Luvanda, alikuwa amelala na mguu uliovunjika.

Asubuhi hiyo, alipopita kando ya kitanda chake, mzee alimkamata mkono na kumtia begani kifurushi: soksi kubwa za sufu za kuvaa juu ya viatu, mfuko wa majivu, fimbo yenye ncha ya chuma.

"Kile kidude chako kikizimika utatembeaje, mama?"

"Hakijawahi kuzimika, baba."

"Miguu yako nayo imesahau kazi. Nakuona unavyotembea siku hizi. Unatembea kama mtu anayekwenda dukani."

Ezelina alicheka, akachukua kifurushi ili mzee atulie. Lakini alijua ni kweli. Tangu apate kisahani alikuwa anakata njia za mkato katikati ya mito iliyoganda, anateremka miteremko mitupu ya barafu ambayo zamani angeizunguka nusu siku. Kwa nini azunguke? Kuteleza hakukuwa na uchungu wowote.

2

Aliwaona kondoo mnamo saa nne. Walikuwa ng'ambo ya bonde dogo, wanachimba chini ya jabali lililowakinga upepo. Kuwafikia kulikuwa na njia mbili: kuzunguka kilima kwa saa mbili, au kuteremka moja kwa moja kwenye uso wa jabali la upande wake ambako maji yalikuwa yameganda yakawa kama kioo.

"Nateremka," alisema.

"Dada, ngoja kwanza..."

Hakungoja. Hatua ya nne miguu yote miwili ilimtoka kwa pamoja. Huu haukuwa utelezi wa kijitoni. Alikuwa hewani, mgongo unakwenda kulikabili jabali, na ule mkono usioonekana ulimdaka kwa nguvu ambayo hakuwahi kuisikia. Ulimzungusha, ukamtua kwa magoti na viganja kwenye ukingo wa theluji. Aliteleza hatua chache, akasimama. Hakuwa na hata mchubuko.

"Uuuwi, Ausi, hiyo ilikuwa..."

Kishindo kikubwa sikioni kilimkatiza.

Kisha akasikia mtoto analia, na mtu anaburutwa, na pumzi ya mtu mwingine karibu kabisa na chombo cha kusemea.

"Wewe ndiye unayetembea?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Mimi ni Ezelina. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Somoe. Mke wake. Mama, nakuomba kwa Mungu wako, kaa chini. Popote ulipo, kaa chini."

Ezelina akakaa.

"Yuko hapa sakafuni, amepasuka juu ya jicho. Leo ni mara ya nne. Juzi mara sita. Wewe ukiteleza ndiye yeye anayeanguka, hujui?"

"Mimi... aliniambia ni sinia."

"Sinia!" Somoe alicheka kicheko kisicho na furaha. "Walipomchukua walituambia ni kuazima tu, kama kumwashia mwenzako taa kwa taa yako, hakuna kinachopungua. Kumbe kule kuteleza kwako lazima kwende mahali. Kunakuja kwake. Na kinachotoka kwake hakirudi kizima. Hata usiku wewe umelala, yeye anashika kuta. Huu mwezi wa tatu hajambeba mtoto wake, anaogopa atamwangusha. Anakwenda chooni kwa kutambaa, mama. Mtu aliyekuwa anapanda minara!"

Upepo ulipita juu ya jabali. Ezelina aliangalia nyayo zake mwenyewe alikotoka, ile mistari mirefu ya ovyo ambako alikuwa ameteleza na kuokolewa, akajaribu kuhesabu tangu baridi ianze. Alishindwa. Hakuwahi kuzihesabu, kwa kuwa hazikumgharimu kitu.

"Nakivua," alisema. "Sasa hivi."

"Usivue!" Hiyo ilikuwa sauti ya Ausi, nzito, kama ya mtu mwenye damu mdomoni. "Somoe, nipe hicho. Nipe, nimesema. Dada, unanisikia? Usivue."

"Ausi, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini?"

"Ningevua!"

"Ndiyo maana." Alivuta pumzi. "Sikiliza. Ukivua, taa ya kiti changu inaanza kupepesa. Ikipepesa robo saa inazimika, na Kituo wanaandika kwamba Egemeo hili limekwisha. Sisi hapa bondeni tunakaa kwa ajili ya kiti hiki. Mji umejaa, asiye na kazi ya Kituo anapandishwa kambini huko kwenye baridi. Mwanangu Hadia ana kifua, dada. Ana miaka minne. Akipandishwa huko hamalizi mwezi."

"Na wewe ukiendelea utaishia kitandani kama gogo."

"Hilo ni langu. Usiniamulie."

"Anguko ni langu, Ausi! Mimi ndiye ninayeteleza!"

Ezelina alisikia mtoto anabembelezwa, sauti ya chumba chenye watu ndani yake, chumba chenye joto, na alijisikia mpweke kuliko siku aliyorudi kutoka makaburini. Baridi mbili nzima alidhani ana mwenzake wa kutembea naye. Alikuwa amemkanyaga.

Aliwafikiria pia wale arobaini wa ghalani. Kondoo walikuwa palepale ng'ambo, mbali kwa risasi, wanachimba bila habari.

"Basi tufanye hivi," alisema mwishowe. "Sikivui. Taa yako itawaka. Lakini kuanzia sasa sitelezi ng'o."

"Dada, hiyo ni barafu."

"Najua ni barafu."

3

Alikaa kwenye theluji akafungua kifurushi cha Mzee Luvanda. Alivaa zile soksi za sufu juu ya viatu, akazifunga kwa kamba kwenye vifundo. Alitoa risasi kwenye bunduki akaitia mfukoni, kwa kuwa mtu anayeweza kuanguka hatembei na bunduki iliyojaa. Alipiga fimbo mbele, akaisikiliza.

Alipanda alikotoka, akazunguka kilima.

Ilimchukua zaidi ya saa mbili. Alitembea jinsi baba yake alivyomfundisha akiwa binti, kabla ya homa na kabla ya visahani: magoti yamelegea, hatua fupi, unyayo unatua wote kwa pamoja, uzito hauhamii mguu wa mbele mpaka mguu wa mbele ukubali. Penye barafu inayong'aa alimwaga majivu kiganja kimoja na kungoja yashike. Penye theluji ya jana alipapenda, maana pana mikwaruzo. Macho aliyakaza kwenye kitu kimoja kilichosimama, jiwe au kisiki, maana sikio lilikuwa linamdanganya kila akigeuza kichwa. Mara mbili alihisi mguu unataka kwenda, na mara mbili akajiangusha mwenyewe kwa makalio kabla haujaenda. Kuketi kwa hiari hakukumwangusha Ausi. Alimuuliza.

"Kizunguzungu kidogo tu," alisema. "Kama kuinuka haraka. Endelea. Niambie unaona nini."

"Naona mgongo wa kilima. Naona moshi wa Matamba kwa mbali. Naona kunguru mmoja."

"Mweupe shingoni?"

"Mweupe shingoni."

"Hata huku wapo," alisema Ausi.

Alipofika juu ya jabali lililowakinga kondoo alipiga magoti, akarudisha risasi mahali pake na kuchagua kondoo dume mwenye pembe iliyovunjika, aliyesimama pembeni ya wenzake. Alimpiga mara moja. Wengine walitimka wakipuliza mvuke, na bonde likarudi kimya lilivyokuwa.

Alimchuna hapohapo, mikono ikipata joto ndani ya mnyama, akamgawa vipande na kumlaza juu ya mbao ya kuburutia mzigo aliyokuja nayo. Kamba aliifunga kiunoni. Nyama ilikuwa nzito, na kitu kizito nyuma ya mtu kwenye barafu kina nia yake chenyewe. Kwenye mteremko kinakusukuma, kwenye mwinuko kinakurudisha. Alikiendea polepole, anakwenda kando ya mbao badala ya mbele yake.

Kabla ya Matamba kulikuwa na mto mmoja usiozungukika. Barafu yake ilikuwa ya buluu, nene, salama kwa uzito na mbaya kwa miguu. Upepo ulikuwa umeifagia theluji yote. Majivu yalimtosha mpaka katikati. Kutoka hapo aligonga kwa fimbo, akasogeza mguu, akagonga, akasogeza.

Mbao ndiyo iliyoteleza. Iligeuka upande, kamba ikamvuta kiuno, na soksi zote mbili zikaachia.

Alikuwa na muda mdogo kuliko wa kupepesa jicho. Alihisi ule mkono unaanza kuja nyuma ya sikio, mkono wa Ausi unaomtafuta. Akainua wake, akakishika kisahani kwa kucha na kuking'oa.

Anga ikaja chini, barafu ikapanda juu. Alianguka kwa mkono wa kushoto na kusikia mfupa wa kifundo unavunjika, mlio mkavu mdogo, halafu kichwa kikagonga na akazunguka na kuzunguka ingawa alikuwa amelala.

4

Kimya kilikuwa kikubwa. Hakuwahi kujua jinsi chumba cha Ausi kilivyokuwa kinamjaa kichwani, ile feni yao, vyombo vyao, mtoto akiimba. Sasa palikuwa na upepo tu na pumzi yake. Alijaribu kuinuka, akaanguka tena ubavuni. Alijaribu tena. Dunia haikuwa na sakafu.

Kisahani kilikuwa kiganjani mwa mkono mzima, ameking'ang'ania. Kitaa chake kidogo kilikuwa kinapepesa. Robo saa, Ausi alisema.

Angeweza kukaa hivyo, kitaa kizime, na Ausi apone kidogo kidogo huku mtoto wake akipandishwa kambini. Angeweza kukibandika, asimame, atembee hadi nyumbani kwa miguu ya mtu mwingine, na mkono huu usingekuwa na shida. Aliyatazama yote mawili, hakupenda hata moja. Dakika zilikwenda.

Mwishowe alijigeuza kifudifudi. Alitandaza miguu, akaweka shavu kwenye barafu, tumbo kwenye barafu, mkono uliovunjika kando. Kutoka hapo hapakuwa na pengine pa kuanguka. Kisha akakibandika.

"...zelina! Dada Ezelina! Jibu!"

"Nipo."

"Ulivua! Somoe amelia huku, tukadhani umekufa. Taa inapepesa dakika kumi na moja, mimi nahesabu..."

"Nimeanguka mwenyewe," alisema Ezelina. "Nimevunjika mkono. Wewe je?"

"Sikuanguka."

"Sawasawa. Nitatambaa mpaka ng'ambo. Nikiwa chini siwezi kukuangusha."

Alikusanya goti moja chini yake.

"Ngoja!" Sauti ya Ausi ilibadilika, ikawa ndogo. "Usitikisike. Rudi ulivyokuwa. Lala ulivyokuwa."

"Kuna nini?"

"Ulivyolala hivyo... dada, nahisi chini iko wapi."

Ezelina hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Visahani vilikuwa viwili na njia kati yao haikuwa ya kwenda tu. Miezi yote ile yeye alikuwa amempelekea kuteleza kwake, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho. Sasa mwili wake wote ulikuwa umebanwa juu ya mto mgumu, kila mfupa unajua chini ni chini, na ujuzi huo ulikuwa unateremka mpaka chumba kimoja cha bondeni.

Akarudisha shavu kwenye barafu.

"Somoe, sogea," alimsikia Ausi anasema. "Hapana, usinishike."

Kiti kililia. Unyayo mmoja uligusa saruji, ukafuatwa na mwingine.

"Moja," alihesabu Somoe. "Mbili. Ausi, polepole. Tatu."

Barafu ilikuwa inamwunguza Ezelina shavu. Mkono ulipiga kama ngoma. Alipunguza pumzi, maana kila akivuta, kifua kiliinuka, na kifua kikiinuka alimsikia Ausi anasita. Alijifunza kupumua kwa tumbo kidogo tu, kama mtoto mchanga usingizini. Jua, lile jua dhaifu la Chujio, lilikuwa bado juu ya kilima.

"Saba. Nane. Shika mlango. Tisa."

"Mama, baba amesimama!" Sauti ya mtoto. "Baba, wewe ni mrefu!"

Ezelina alisikia kitambaa kinasuguana, pumzi nzito, na mtoto akicheka karibu kabisa na chombo, karibu na sikio lake mwenyewe, kiasi kwamba alihisi uzito wake. Hadia alikuwa amebebwa.

Ng'ambo ya mto, mlango wa ghala ulifunguka. Watu wawili walitoka na kamba, wakamwona, wakaanza kuteremka kwa hatua fupi fupi, magoti yamelegea, mmoja akimwaga majivu. Wangefika baada ya muda. Wakaita jina lake. Angeweza kuwapungia mkono mzima wajue yu hai, lakini hakuupunga.

"Dada," alisema Ausi, "kurudi kitini ni hatua tisa nyingine, na huyu sitaki kumtua bado. Utaweza kuvumilia?"

Kujibu kungemtikisa taya. Ezelina akafumba macho, akabaki palepale.